Jina Lililopitia Paris

Siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa, Komla Dotse alimtoa nje alfajiri ili bibi yake ampe jina. Bibi, Mama Abla, mama mzazi wa Komla, alisimama ng'ambo ya barabara, upande wa Lome. Komla na mkewe Esinam walikuwa Aflao, upande wa Ghana. Katikati palikuwa na kizuizi cha mpaka, kimefungwa kwa ugomvi wa wakubwa wa nchi mbili zilizopata uhuru juzijuzi, na mbuzi kalala chini yake.

Mama Abla akavuta pumzi, akapaza sauti. Mdomo ulionekana ukifunguka. Sauti haikufika.

"Imeshika njia ya Paris," Komla alisema. Alikuwa mchumi wa kamati ya soko la pamoja, iliyongoja aiandikie mkataba wa kufungua mpaka, na mambo hayo aliyajua. "Kisha London, ndipo ije huku. Simu zetu si ndivyo zinavyokwenda?"

"Na mimi niitwe Mama Nani?" Esinam akafoka. "Jina ni la bibi kutoa. Hebu kauandike huo mkataba wako!"

Komla akauandika. Kamati ikakutana hotelini, ikala kuku, ikakubaliana kwamba sauti, bamia na mashangazi wavuke bila ushuru. Rasimu ikapelekwa Lome kutiwa saini. Nayo ikapitia Paris.

Mtoto akaota meno, akatambaa, akatembea. Mtaa mzima ulimwita Wee.

"Msomi mzima, mwanawe Wee!" muuza samaki alimtania Komla. Komla alicheka, lakini ilimuuma.

Jumapili moja wakila ugali na mchuzi wa bamia, jina likaingia dirishani. Lilikuwa na sauti ya Mama Abla, imekauka kwa baridi. Likakohoa, likaangusha theluji kidogo mchuzini.

"Enyonam!"

"Abee, bibi," mtoto akaitika, akaendelea kula. Esinam alilia kwa furaha, kisha akaupasha mchuzi moto.

Komla akakimbilia mpakani. Mkataba haukuwa umerudi. Mama yake alikuwa palepale, anapaza sauti tena na tena. Komla akamwonyesha kwa mikono kwamba limefika. Mama Abla akapiga makofi, akaendelea.

Maneno yale yalifika mwaka uliofuata, na mafua juu: majina ya wadogo watatu wa Enyonam ambao hawajazaliwa, kisha ya watoto wa Enyonam mwenyewe.

"Nayatuma mapema," sauti ikamalizia. "Nyie na mikataba yenu, nawajua."