Mshenga wa Maboga

Dada mtu alikuwa akipalilia maboga yake, pembeni ya nyanya za kaka yake, ua moja jike lilipomwuliza mshenga yuko wapi.

"Amekufa," alisema. "Wamekufa wote. Kaka alipiga dawa juzi."

Nyuki walikuwa wamelala chini ya nyanya, miguu juu. Ua likasema pole, ila saa sita linafunga, na bila mshenga halipokei posa ya mtu, lina heshima zake. Kaboga kalikokuwa chini yake, ukubwa wa kidole gumba, kalikuwa kameshaanza kunyauka.

Dada mtu alipandwa na hasira. Shamba lilikuwa la kaka, na kaka alishasema, "Mwaka huu yasipozaa, dada, hapa natia nyanya." Basi akaubeba ushenga mwenyewe. Akainamia ua dume, akasikiliza porojo zake, akachovya pua kwenye unga wake wa njano, akaupeleka kwa jike. Jike likajifanya halisikii. Akarudi kwa dume, akaenda tena.

Jumatano alianza kuvuma. Ijumaa miguu yake ikaacha kugusa ardhi, na mgongo ukapata nafuu. Wifi yake alimwomba tu asivume wakati watoto wamelala.

Maboga yakashika. Yakanenepa bila aibu, hata moja likaziba mlango wa choo, ikabidi watu wazungukie dirishani. Majirani walipokuja kuyatazama, kaka mtu alipigapiga bomba lake la kupulizia.

"Dawa hii ni kiboko," alisema.

"Ni mimi, kaka," alisema dada mtu kutoka usawa wa paa.

"Na wewe umejitahidi," kaka alikubali.

Msimu uliofuata alinunua bomba kubwa zaidi. Kiuno kikagoma kulibeba. Akamtazama dada yake akielea juu ya matuta, akapata wazo.

"Kwa vile unaruka, dada, si unipigie wewe? Anza na maboga, ndiyo yanayoipenda dawa. Ukikataa, hapa natia nyanya."

Kulipokucha akamvisha bomba mgongoni, akamfunga mikanda taratibu isije ikambana, maana alimpenda sana dada yake. Dada mtu akapaa akivuma. Maua yalipomsikia, yakafunguka.