Upo Chini?

"Upo?"

"Nipo, shemeji. Niende wapi na mti huu kiunoni?"

Yohane akacheka kidogo. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mashine imelala mbele yake kifuniko wazi, mikono inanuka petroli hadi viwikoni. Hatua nne kutoka pale, chini ya gogo la podo ambalo watu wawili wasingeweza kulikumbatia, alilala Kalinga, mume wa dada yake. Kuanzia kifuani kuja juu alikuwa Kalinga yule yule, na kofia yake ya sufu na ndevu zake chache za kuhesabika. Kuanzia nyonga kwenda chini hakuna aliyejua. Gogo lilikuwa limemfunika.

Ilikuwa hivi. Asubuhi walianza kuuangusha mti ule kwa msumeno wa petroli, ile mashine ya watu wawili: mmoja anashika upande wa injini, mwenzake anashika mpini wa ncha ya pili. Walipofika nusu ya mti mashine ikakohoa, ikazima. Wakaichomoa, Yohane akainama kuitazama. Kalinga, ambaye hakujua kukaa bure, akaenda kugongea kabari kwenye mkato. Upepo ukaja. Mti ukapasuka kwa urefu badala ya kukatika, ukaruka nyuma, na Kalinga alipotaka kukimbia akateleza kwenye majani mabichi. Basi. Hata amina ingechukua muda mrefu zaidi.

Angemtoaje? Shoka Yohane alilijaribu. Pigo la kwanza tu, Kalinga akapiga ukelele ambao Yohane hakuwahi kumsikia mwanamume akiupiga, hata vitani. Kuchimba chini yake alijaribu pia. Gogo likashuka upana wa kidole. Wenzao wote wa kambi walikuwa wameteremka Ipogolo na lori la mbao tangu jana, na wasingerudi kabla ya kesho. Na mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya Dabaga isiyo na haraka wala huruma. Kadiri udongo ulivyolainika, ndivyo gogo lilivyozidi kukaa. Ikabaki njia moja: kulikata gogo huku na huku, kisha kipande cha katikati kibiringishwe kwa miti. Na cha kukatia kilikuwa hiki hapa, kimekufa.

"Unafanya nini sasa?" Kalinga aliuliza.

"Natafuta ugonjwa."

"Tafuta, fundi wa Burma."

Jina hilo Yohane alirudi nalo kutoka vitani, pamoja na koti la jeshi, na hakuna aliyewahi kumwuliza ni ufundi wa nini hasa. Mzee Mrisho, mfanyabiashara wa mbao wa mjini Iringa, alipoinunua mashine hii kuukuu kwa mlowezi aliyekuwa anahama, aliuliza nani kati yao anajua injini. Yohane alisimama kabla swali halijaisha. Ah, sifa! Sifa zinamvalisha mtu koti, halafu mvua ikija ndipo anajua lilikuwa la kuazima.

Kabla ya mashine walipasua mbao kwa mikono miaka tisa, wao wawili, kwa msumeno mrefu juu ya shimo. Yohane alisimama juu ya gogo. Kalinga alikuwa chini shimoni, unga wa mbao unamwagikia machoni. Wa juu hamwoni wa chini. Kwa hiyo kabla ya mvuto wa kwanza Yohane aliuliza, "Upo?" na sauti ikatoka shimoni, "Nipo." Isipotoka, msumeno hauvutwi. Hawakukaa kikao kukubaliana. Ilizoeleka tu, mpaka wakawa wanaulizana hivyo hata chooni, na Lea, mke wa Kalinga, akawa anawacheka.

Lea hakuwa anacheka sasa. Alikuja saa sita na kikapu cha ugali na maharage, akakuta mambo yalivyo, na hakulia. Alitandaza kanga yake juu ya matawi mawili ili mvua isimpige mumewe usoni, akakaa, akampakata kichwa.

"Bisibisi iko wapi?" Yohane alijiuliza kwa sauti, akipekua mfuko wa vifaa kwa mara ya tatu. Spana ilikuwepo. Bisibisi ilikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa Ipogolo. "Dada, una kitu chochote chenye ncha?"

Lea aliingiza mkono kikapuni, akatoa kisu cha jikoni, akamnyooshea.

"Hiki hapa," alisema. "Msumeno wenu."

Yohane alikipokea bila kumtazama. Mgongoni mwa kisu yalikuwa yamebaki meno mawili, mhunzi hakuyasaga. Msumeno mrefu ulikuwa wa baba yake Kalinga. Mwaka jana mashine ilipofika, ni Yohane aliyesema, "Wa nini tena huu? Tutaonekana washamba." Kalinga alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akakubali. Yohane mwenyewe aliubeba begani hadi kwa mhunzi wa Ipogolo, ukatoka visu vitatu. Msumeno ule, ukivutwa taratibu, haumtikisi mtu. Mwanamke na mwanamume wangeweza kuuvuta, na saa hizi Kalinga angekuwa kitandani.

Laiti Lea angemtukana. Laiti angemzaba kofi. Lakini alisema maneno yale manne tu, akarudi kumfuta mumewe maji kwenye nyusi.

Kwa spana akafungua plagi, akailaza juu ya chuma, akamwita Lea avute kamba. Cheche ya buluu ikaruka. Basi, ugonjwa si wa moto. Kwa ncha ya kisu akalegeza skrubu za kabureta, moja, ya pili, ya tatu ikamponyoka, akaitafuta matopeni kwa vidole huku akisema, "Ee Mungu, ee Mungu, ee Mungu," kama mtu anayehesabu. Akaipata. Kabureta ilipotoka, vipande vyeusi vikadondoka. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kabureta na injini ili injini isivute hewa ya pembeni, ilikuwa imeungua na kumeguka kabisa.

Akakaa chini.

"Upo?" aliuliza, ili tu asikie.

"Nipo. Umeuona?"

"Nimeuona. Shemeji… mimi sikuwa fundi. Burma nilikuwa naosha spea. Wao wanafungua, mimi naosha, wao wanafunga. Miaka miwili. Sijawahi kufunga hata nati moja."

Gogo likalia kidogo. Kalinga akavuta pumzi kwa meno.

"Najua," alisema.

"Unajuaje?"

"Fundi gani anaongea hivyo? Fundi ana majivuno, hasemi na watu." Akakusanya nguvu. "Lakini hizo spea ulizoosha, si ulizishika?"

"Nilizishika."

"Basi."

Yohane alisimama, akaangalia huku na huku msituni kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni akatafuta maji. Alihitaji karatasi ngumu. Msitu mzima wa miti, na karatasi hakuna! Jani lingesagika, gome la mti lingevimba, ngozi ya mkanda ilikuwa nene mno.

"Kitabu changu," Kalinga alisema. "Mfukoni mwa koti, pale kwenye kisiki."

"Cha nyimbo?"

"Jalada lake ni gumu."

"Baba Yotamu," Lea akamwambia mumewe, "kile ndicho ulichopewa kanisani siku ya ndoa yetu."

"Kateni. Nyimbo ninazo kichwani."

Kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha turubai, kikavu. Yohane alibandua jalada, akachukua mdomo wa kabureta wenye mafuta na kuugandamiza juu yake. Alipouinua, alama nyeusi ilikuwa imebaki, duara moja kubwa na matundu madogo matatu ya skrubu. Hivyo aliwaona wakifanya. Akaweka jalada juu ya ubapa wa shoka, akaanza kukata kwa kisu, polepole, pumzi imebanwa. Mkono ukiteleza, lilibaki jalada la nyuma tu.

"Nipo," Kalinga alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Lea akainua macho, yakakutana na ya kaka yake.

"Endelea kukata," alisema.

"Kamwene, mama Yotamu," Kalinga alimsalimu mkewe, kwa heshima, kama vile ndiyo kwanza amefika. "Hawajambo huko nyumbani? Maharage umetia chumvi?"

"Kamwene, baba. Hawajambo. Nimetia."

"Leo umekumbuka."

Machozi yakamtoka Lea sasa, bila sauti, yakachanganyika na mvua na kumdondokea mumewe usoni, naye Lea akayafuta humo humo kwa kiganja.

Gasketi ikakaa. Skrubu tatu zikarudi, vidole vya Yohane vikizitambua hata kabla ya macho, maana kweli alikuwa amezishika, maelfu ya ndugu zao, katika ndoo za petroli, nchi ya mbali. Akafunga. Akaweka mguu juu ya mashine, akashika kamba.

"Upo?"

"…po."

Akavuta. Kimya. Akavuta tena. Akavuta mpaka kamba ikamchuna kiganja, damu ikaifanya iteleze, akaizungusha kwenye ngumi na kuvuta tena. Mashine haikukohoa hata kidogo. Mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Akavuta na kulia, mtu mzima, kamasi zinamtoka, anaitukana mashine kwa Kihehe na kwa Kiswahili na kwa maneno mawili ya Kizungu ya jeshini.

"Nimemuua," alisema. "Dada, nimemuua mume wako."

"Kaka."

"Nimemuua kwa mdomo wangu."

"Kaka! Hicho kidude cha chini ya tangi. Ulikigeuza ulipoanza kufungua. Hujakirudisha."

Yohane akatazama. Bomba la petroli. Alikuwa amelifunga mwenyewe, na hakulifungua.

Akaligeuza. Akasubiri, akihesabu hadi kumi, akashika kamba kwa mikono miwili na kuvuta kwa mwili mzima, na mashine ikanguruma! Moshi wa buluu ukamfunika. Msitu wote ukajaa mngurumo ule, ndege wakapasuka kutoka mitini, na Yohane akapiga kelele za furaha ambazo hata yeye hakuzisikia.

Ndipo akakumbuka kwamba kabla ya mvuto ule hakuwa ameuliza.

Akauliza sasa. Aliona mdomo wake mwenyewe unauliza. Mashine ililimeza neno lote. Kuizima? Ikizimwa na ikakataa tena? Akamwonyesha Lea mpini wa upande wa pili. Lea alimtazama mumewe, kichwa kimelala kwenye paja lake, macho nusu wazi, kofia imeshuka. Akakiinua kichwa kile kwa mikono miwili, akakilaza juu ya koti, na ilimchukua muda kuutoa mkono wake wa mwisho. Halafu akaja. Hakuwahi kukata kwa mashine ile. Akaushika mpini kama alivyomwona mumewe akiushika kila siku, miguu imepanuliwa, kiuno kimeshuka.

Walikata mkato wa kwanza. Unga mweupe wa podo ulirushwa, ukamnyeshea Kalinga kifuani, kwenye ndevu, kwenye nyusi, kama zamani shimoni. Wakakata wa pili. Gogo likaachia, Yohane akaiweka mashine chini ingali inanguruma, wakapenyeza miti miwili, wakasukuma kwa mabega, wakasukuma, na kipande kikageuka, kikabiringika mara moja, kikakaa.

Lea alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa ameinama, sikio lake limegusa midomo ya mumewe, amejiziba sikio la pili kwa kiganja, amefumba macho.

Yohane alisogea hadi kwenye mashine. Ilikuwa inatetemeka peke yake juu ya matope, petroli iliyobaki ni kidogo. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi; akiizima, itambidi aulize. Akamwangalia dada yake, aone kama atatikisa kichwa au atainua mkono. Lea hakusogea. Unga wa mbao ulikuwa unaendelea kutua juu yao wote wawili, na Yohane akakiondoa kidole, akaiacha mashine ingurume.