Bendeji ya Mguu Mzima

Orpah alikuwa bado katikati ya mstari wake wa chai, na mjukuu wake Nyakerario alikuwa ameshamaliza mstari wa pili na kuingia wa tatu. Mikono ya yule binti ilipita juu ya michai kama kuku anayedonoa: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akiyarusha nyuma ya bega bila kutazama, nayo yakitua kikapuni bila kukosea. Hata kuchuma alikuwa anashinda mtu. Orpah alimtazama kwa nyuma akasema moyoni, huyu hata ukimfunga jiwe kiunoni atafika kabla yangu, halafu kuna watu wanamwita mvivu.

"Magokoro, pumzika," Nyakerario alimwambia bibi yake bila kugeuka. "Goti lako linalia mpaka nalisikia huku."

"Halilii, linaimba. Liko kwaya ya Wasabato."

Barabara ya murram ilipita juu ya shamba, na tangu binti arudi kutoka Olimpiki, barabara hiyo ilikuwa imepata wasafiri wengi ajabu. Watu ambao miaka yote walienda kusaga mahindi kwa njia ya chini sasa walipitia ya juu, na wakifika kwenye chai ya Orpah kamba za viatu zinawafunguka, lazima wainame wazifunge. Hata waliovaa ndala.

Asubuhi hiyo aliyesimama kusalimia alikuwa jirani yao Ogoti.

"Bwakire, Orpah! Huyo ndiye bingwa wetu? Mguu wanaosema uliumia, umepona?"

"Umepona kuliko huo wako uliokuleta hapa."

"Mimi niliona kwa TV, pale kwa Mogire. Hakuchechemea hata kidogo. Alisimama tu, kama ng'ombe ameona daraja."

"Na wewe ulikuwa umekaa, Ogoti. Ulikuwa umekaa na sahani ya nyama."

Ogoti akacheka, akafunga kamba yake, akaenda. Majani ya Nyakerario yaliyofuata yalianguka nje ya kikapu.

Kweli, hakuchechemea. Kijiji kizima cha Sironga kiliona. Mbio za mita elfu kumi, amebaki mzunguko mmoja, yuko mbele na wenzake wawili, kengele ikalia. Akatoka nje ya mstari taratibu, akaketi kwenye nyasi, akavua viatu na kuvipanga pamoja kama mtu aliyefika mlangoni kwake. Pale kwa Mogire mwenye bucha, ambako runinga ilikuwa imewekwa juu ya mzani, watu waliacha nyama ikapoa. Mogire alikuwa ameshapaka ukuta maandishi ya njano: BUCHA YA DHAHABU YA NYAKERARIO. Rangi ilikuwa mbichi bado. Kesho yake alifuta jina la binti akabakisha dhahabu.

Kwenye simu za watu kukajaa maneno. Amenunuliwa. Ameaibisha nchi. Arudi kwao akachume chai. Hilo la mwisho Orpah hakuliona kama tusi, maana chai ilikuwa imekomaa na mikono ilikuwa michache.

Lakini alijua jambo ambalo simu hazikulijua. Kabla ya safari, mtoto alikuja nyumbani siku mbili akamwambia kwamba akisikia jina lake kwa spika anataka kutapika. Kwamba kifua kinabana kama kimefungwa kamba, na vidole vinakufa ganzi. Orpah alimwombea, akamkorogea uji wa wimbi. Alikuwa na dawa hizo mbili tu, akatumia zote. Na sasa, tangu arudi, kila asubuhi Orpah alikuta kitanda kimetandikwa vile vile, na binti ameketi ukingoni, viatu miguuni.

Gari likasimama juu ya shamba. Akashuka Bwana Obwocha, mkubwa mmoja wa mambo ya riadha, mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu ila maikrofoni. Alikuja akikanyaga kwa uangalifu katikati ya michai, kitu cheupe kimekunjwa mkononi.

"Habari ya asubuhi, mama. Binti yangu, habari. Leo mchana ni mapokezi, pale kwa kiwanja cha shule. Mheshimiwa anakuja, waandishi wanakuja. Kitu ni kimoja tu. Mguu."

"Mguu gani?" Nyakerario aliuliza.

"Ule uliumia. Msuli wa paja. Nilishawaambia waandishi."

"Mguu wangu ni mzima. Nilikuambia kule kule. Hata kabla tusafiri nilikuambia. Nilisema ni kichwa, nilisema sipumui vizuri."

Bwana Obwocha akashusha sauti kama mtu anayenunua ng'ombe. "Sikia. Mguu unaweza kupigwa picha. Kichwa utakipiga picha gani? Ukisema kichwa, watu watasema ni wazimu. Timu ya mashindano ya dunia inatangazwa leo jioni, na mimi niko kwa hiyo kamati. Mtu wa mguu anapona, anarudi kwa timu. Mtu wa kichwa..." Akatikisa chake. "Hatuna mahali pake. Ama hutaki kukimbia tena?"

"Nataka," Nyakerario alisema. Alilisema haraka, na Orpah akaona kwamba ndilo neno la kwanza binti amelisema kwa nguvu tangu arudi.

"Basi funga hii."

Ilikuwa bendeji ndefu ya kuvutika. Nyakerario alijaribu kuizungusha, ikamponyoka, ikaanguka kwenye majani. Orpah akaiokota. Alikuwa amezeeka vya kutosha kujua uongo mkubwa na mdogo, na huu aliuona mdogo, wa kupitisha mgeni tu. Mtoto apate timu yake, mengine yatajulikana.

"Ni upi?" aliuliza.

"Wa kushoto. Hapana, ngoja." Bwana Obwocha akajikuna shingo. "Niliwaambia wa kushoto ama wa kulia?" Akapiga simu pembeni, akarudi amefurahi. "Wa kulia!"

Alipoondoka, Orpah akaufunga mguu mpaka chini ya goti, akamwamuru mjukuu wake atembee akichechemea.

"Hivyo ni bata, si mgonjwa. Niangalie mimi, mimi nimesomea." Akatembea mbele yake, goti likiimba. "Unaukanyaga kama unaomba msamaha. Halafu uso. Uso uwe kama wa mtu amekumbuka deni."

Nyakerario akacheka. Akacheka mpaka akashika mchai asianguke, na bibi yake akacheka naye, wawili peke yao katikati ya kijani. Kisha binti akautazama mguu wake mzuri ule uliofungwa, kama anayetazama mtoto wa mtu mwingine.

Kiwanjani kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na spika za kuamsha wafu. Wanawake wengi walikuja na vikapu vyao vya chai wakavipanga kando ya uzio, kwa sababu senta ya kupimia chai iko ng'ambo ya barabara na lori halisubiri mapokezi ya mtu. Orpah akaweka chake, akaketi karibu na jirani yake Edinah.

Mheshimiwa akasimama, akanyoosha kidole kwenye bendeji. "Mguu huu si wa Nyakerario! Mguu huu ni wa Kenya!"

"Basi Kenya ije iuoshe," Orpah akamnong'oneza Edinah.

Mchungaji akaweka mkono juu ya goti la binti akamwomba Mungu auguse msuli, mshipa kwa mshipa. Edinah akasema amina macho wazi, akitazama uzio asije mbuzi akafika kwa chai yake. Kisha Bwana Obwocha akashika maikrofoni.

"Mguu unapona! Na safari ijayo ni dhahabu! Atatuletea ama hatatuletea?"

"Atatuletea!"

"Sijasikia!"

"ATATULETEA!"

Orpah hakuitikia. Alikuwa anatazama vidole vya mjukuu wake, vinavyosuguana kwenye gauni kama vya mtu anayetafuta kama bado anavyo. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Watu mia kadhaa walikuwa wanamshangilia, na mtoto alikuwa anazama.

Wakampa maikrofoni. Nyakerario akasimama, akachechemea hatua moja, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Akasema, "Nawashukuru." Watu wakasubiri. Bwana Obwocha akamwonyesha mguu kwa macho.

Binti akainama, akaanza kuifungua ile bendeji. Hakuwa na haraka. Ilipotoka yote akaizungusha kwenye vidole, duara juu ya duara, akapitisha ncha katikati, akakaza, akaizungusha tena. Wanaume walidhani anaikunja. Wanawake wakaacha kunong'ona, kwa sababu mikono yao yote ilikuwa inaijua kazi ile: kitambaa, jani la mgomba, sweta kuukuu, chochote kinachozungushwa kuwa ngata ya kuwekwa utosini kabla ya mtungi au kikapu. Nyakerario akaiweka juu ya kichwa chake, akasimama wima.

"Huu mguu ni mzima," alisema. "Tafadhalini msiuombee, kuna miguu mingine inangoja." Watu wakacheka kidogo, wakasita. "Mzigo ulikuwa hapa. Kengele ikilia, nilisikia nyinyi wote mmepanda hapa juu. Shule, kanisa, Mheshimiwa, Mogire na bucha yake. Sikuwachukia. Shingo ndiyo ilikataa."

Akaishika ngata kwa mkono mmoja.

"Kule kambini kuna mtu wa kukanda miguu. Kuna mtu wa kupima damu. Kuna mpaka wa kupima uji. Mimi niliomba mtu mmoja tu wa kuongea naye. Nikaambiwa nilale mapema. Na kulala ndiko kulikuwa kumenishinda. Na bado nataka kukim—"

Sauti ikakatika. Bwana Obwocha alikuwa amemfanyia ishara kijana wa mitambo. Nyakerario akabaki pale mbele, ngata kichwani, maikrofoni imekufa mkononi, na hakuna aliyejua afanye nini na macho yake.

Orpah hakufikiri. Katika milima ile, ukikutana na mwanamke mwenye mzigo kichwani amefika mwisho wake, humuulizi ameutoa wapi. Hujiulizi hata kama mnasalimiana. Unamtua. Mwenye mzigo mzito hawezi kujitua peke yake, atavunjika shingo. Akainuka, goti likaimba mbele ya waheshimiwa wote, akapita katikati ya viti mpaka kwa mjukuu wake. Binti alipomwona akakunja magoti kidogo, vile alivyokuwa akifanya utotoni akitoka kisimani. Orpah akainua mikono yake miwili, akaitoa ile ngata kwa uzito wote, kana kwamba juu yake kulikuwa na pipa limejaa, akaishusha polepole mpaka kifuani pake.

Hapakupigwa kigelegele. Ila Edinah alikuwa amesimama, na waliokuwa nyuma yake, na waliokuwa kando ya uzio, wote wanawake, mikono imeinuliwa nusu kama watu walio tayari kupokea.

Honi ya lori ikalia ng'ambo. Bwana Obwocha alikuwa ameshapata maikrofoni nzima na ameanza kufafanua, lakini nusu ya kiwanja ilikuwa inakimbilia vikapu. Alifafanulia viti.

Aliwakuta kwenye uzio. Orpah alikuwa ameshaiweka ile ngata kwenye kichwa chake mwenyewe, na Nyakerario alikuwa amemtwika kikapu.

"Umejimaliza," alimwambia binti. "Hakuna mtu amekumaliza, ni wewe." Halafu, kama mtu aliyekumbuka: "Na hiyo bendeji ni mali ya ofisi. Nirudishie."

"Si iko hapa chini ya kikapu," Orpah alisema. "Nitue, mwanangu, uichukue."

Bwana Obwocha akatazama kikapu, maji ya majani ya chai yakitiririka pembeni. Akatazama suti yake. Akaenda kwa gari.

Jua lilipoanza kuinama, Ogoti alikuja nyumbani kwa Orpah, na safari hii hakuwa na kamba ya kufunga. Alikuwa na simu mkononi, uso umemshuka.

"Orpah. Wametangaza timu. Nimesikiliza mara mbili. Jina lake hawaja—"

Orpah akanyanyua kidole. Nyuma yake, barazani, juu ya magunia matupu ya chai, Nyakerario alikuwa amelala, mdomo wazi kama mtoto mchanga, na viatu vyake viwili vilikuwa vimepangwa pamoja chini.

"Punguza hiyo sauti."

"Lakini ni timu ya taifa," Ogoti alinong'ona.

"Taifa lingoje. Mtoto amelala."

Ogoti akamtazama binti pale barazani. Kisha akazima simu, akavua ndala zake, akaondoka akizibeba mkononi.