Mtu wa Nne wa Nyansiongo

Ripoti ya tume iliyochunguza mauaji ya zamani ilisema watu wanne walipigwa risasi na askari katika mkutano wa wakulima wa chai, Nyansiongo, mwaka wa themanini na tisa. Watatu walitajwa kwa majina. Wa nne aliandikwa "mwanamume asiyejulikana."

Esnah alimjua vizuri. Alikuwa mumewe, Onsongo. Alimwosha kwa mikono yake, kisha kwa hofu akatangaza kwamba ameuawa na malaria. Hata tume ilipokuja kuchukua ushahidi, hakwenda.

Bunge lilipopanga kuijadili ripoti, alifunga safari hadi Nyamira, kwenye ofisi ya mbunge wao, Ochoki. Alimkuta karani, Lorna.

"Nataka jina lake liandikwe," alisema.

"Mama, ripoti ikishafika bungeni haibadilishwi. Lakini Mheshimiwa akilitaja kwenye mjadala, litaingia katika kumbukumbu za Bunge."

"Basi alitaje."

Lorna aliandika yote, kisha akauliza kwa nini hakuiambia tume.

"Nilikuwa nimesema ni malaria," Esnah alijibu. "Nikazoea."

Siku ya mjadala walisikiliza pamoja redio ya ofisini. Ochoki alipewa dakika tatu, na mbili akazimaliza kwa shukrani.

"Mheshimiwa Spika, mtu wa nne alikuwa na jina. Aliitwa Onsongo Nyangate, na mkewe..."

Muda ukaisha, kipaza sauti kikazimwa. Baadaye kura ikapigwa, ripoti ikapita, na serikali ikapewa siku sitini kujibu.

"Jina limeingia?" Esnah aliuliza.

"Limeingia. Ni lako ambalo halikuwahi."

"Langu halina neno."

Wiki iliyofuata Lorna alimchapishia ukurasa ule. Esnah aliusoma polepole, akaomba nakala tatu, moja kwa kila mtoto, maana nao walikuwa wakijua ni malaria.

Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, aliwaketisha akawaeleza. Eric, kifungua mimba wake, alitoka akaenda kusimama kwenye migomba hadi chai yake ikapoa. Aliporudi aliuliza jambo moja tu, kama baba yake aliteseka. Esnah akamwambia ukweli.

Siku sitini zilipita bila jibu. Siku ya sitini na moja Esnah alirudi Nyamira, safari hii akiwa na Eric, wakaomba kuonana na Ochoki mwenyewe.