Mzani wa Bangwe

Habari hii ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Anayeisimulia ameapa kwa jicho lake la kulia, ambalo ndilo zima, na yuko tayari kuapa tena akiwa ndani ya maji ya Tanganyika mpaka shingoni, pale penye mamba. Anayetaka kubisha abishe sasa, kisha atulie.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Vita vilikuwa ng'ambo, Kongo, na kila kukicha mitumbwi ilitema watu ufukweni Bangwe: mama kabeba sufuria, baba kabeba mama yake, mbuzi kabebwa na mtoto. Wengi walipelekwa makambini. Waliokuwa na ndugu Bangwe walijibanza kwa ndugu, chumba kimoja watu kumi na mmoja, wa kumi na mbili akilala mlangoni miguu nje.

Muuguzi wa kuwatazama wote hao alikuwa mmoja tu, Nesi Elida, Muha wa Kasulu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye mlima wa pili. Kila Alhamisi alipanda baiskeli ya zahanati, kisanduku cha chanjo nyuma, akaja Bangwe kufungua kliniki ya mkoba kwenye kibaraza cha stoo ya dagaa. Alichanja, alipima, aligawa vidonge, alifundisha kuchemsha maji, aliamua na ugomvi wa foleni.

Mzigo uliomshinda ulikuwa mzani, ule wa kuning'inizwa wenye uso kama wa saa, ambao mtoto huvalishwa kikaptula cha kitambaa akatundikwa humo akipiga mateke. Ndipo mwenye stoo, mtu mwema, mcha Mungu, mtanashati asiye na mfano ufukwe mzima, akajitolea: mzani ubaki kwake, atauhifadhi ndani na kuufunga kwa kufuli yake mwenyewe. Elida akamshukuru kwa mikono miwili.

Basi watoto wa Bangwe wakaanza kuwa wazito.

Alhamisi ya kwanza Elida alidhani ni bahati. Ya pili, mtoto wa miezi mitano alivuta kilo kumi. Ya tatu, pacha wa fundi cherehani waliupinda msumari wa mzani, na anayesimulia aliuona msumari huo kwa jicho lake lile la kulia. Wenyeji wakasema ni hewa ya ziwa, wageni wakasema ni samaki wale migebuka. Elida hakuwa mzembe. Kila Alhamisi kabla ya kutundika mtoto alitazama mshale kama alivyofundishwa chuoni, na kila mara mshale ulikuwa kwenye sifuri, umenyooka kama askari. Akaandika alichokiona. Kadi zote zikapanda kwenye kijani, rangi ya afya.

Sasa unga wa lishe ulikuwa haba, ukigawiwa kwa watoto walioanguka chini ya mstari wa kadi peke yao. Bangwe hakuanguka hata mmoja. Mganga wa zahanati alisoma takwimu, akavua miwani, akasoma tena, akafurahi, na magunia ya unga yakapelekwa kwingine.

Alhamisi ya tano alikuja mama wa kutoka ng'ambo, jina lake Merina, na binti yake Shukrani wa miezi kumi. Mshale ukasema kilo nane na nusu. Elida akaweka nukta kwenye kijani, akamrudishia kadi. Merina hakuondoka. Akasema kwa upole kwamba mtoto anakonda, apewe unga. Elida akamwonyesha nukta. Foleni ikacheka, mmoja akamtania kwamba wenzake wanalia watoto wamekonda, yeye analia wa kwake kanenepa.

Merina akamtazama Elida. "Mama nesi, mimi niko nabeba huyu mtoto kila siku. Kutoka Baraka, kule ng'ambo, mpaka hapa niko namubeba. Mgongo wangu unajua uzito wake. Ile chuma haijamubeba."

Elida alimjibu kama kitabu kinavyojibu: mzani hauna huruma wala uchovu, mgongo una vyote viwili. Akamshauri aendelee kunyonyesha, akaita anayefuata. Lakini alipokuwa akimvua Shukrani kile kikaptula, mikono yake ilikuwa imejiandaa kunyanyua kilo nane, ikanyanyuka haraka mno, kama mtu anayebeba ndoo akidhani imejaa. Aliona. Akaliacha lipite, kwa kuwa foleni ilifika barabarani.

Alhamisi iliyofuata jina la Shukrani halikuwekewa alama. Nesi mwingine angesema atakuja wiki ijayo. Elida alikuwa na desturi yake: asiyekuja hufuatwa. Aliwaambia wanawake wa foleni wasubiri, akashuka kwa miguu hadi nyumba za mwisho karibu na maji, akiuliza mlango kwa mlango, mpaka akaonyeshwa chumba cha Merina.

Shukrani alikuwa amelazwa kwenye kanga, na hakuwa analia. Hilo ndilo lililomshtua Elida kwanza, maana mtoto wa miezi kumi akiona sare nyeupe hulia. Macho yalikuwa yamezama, mashavu yamekwisha, uso ni wa bibi kizee. Elida akaubana mkono wa mtoto kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole vilikutana, kisha vikapishana. Akabana ngozi ya tumbo, akaachia. Ikabaki imesimama kama kitambaa.  Merina hakumlaumu. Alikuwa ameweka ile kadi ya kijani chini ya kichwa cha mtoto.

Elida alimbeba mwenyewe mpaka kibarazani, akipiga hatua ambazo wenye miguu mirefu wangezikimbilia. Barua ya kumpeleka hospitali ilitaka uzito, basi akamtundika. Kilo nane. Akamtoa, akamtundika tena. Kilo nane. Mikono ilisema kuku, mzani ukasema mtoto mwenye afya.

Pembeni palikuwa na dumu la lita tano la maji yaliyochemshwa, ya kumezea vidonge. Elida akamkabidhi Merina mtoto, akalifunga dumu kwa kitenge chake, akalitundika. Mshale ulipanda, ukayumba, ukasimama palepale uliposimama kwa Shukrani. Kwenye nane.

 Kila anayeteka maji anajua lita tano ni kilo tano. Mama mmoja akakaa chini na mwanawe bila kuchagua pa kukaa. Mwingine akaanza kumpapasa wa kwake mbavu, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta sarafu gizani. Elida alitazama rundo la kadi mezani, nukta zote za kijani, zote kwa mkono wake.  Mtoto mwenye uzito wa dumu la maji alikuja kwake kuomba uji, naye akamrudisha nyumbani na hesabu.

Akauteremsha mzani, akaufungua mgongo kwa mkasi wa bandeji. Ndani, badala ya springi nene ya kiwandani, palikuwa na nyingine nyembamba, inang'aa, imefungwa kwa uzi wa wavu wa dagaa. Springi laini: bila mzigo hurudi sifuri kama kawaida, ukiweka mzigo hunyooka kuliko inavyopaswa.

Akaingia nao stoo. Mwenye stoo alikuwa kati ya magunia, akipatana na mnunuzi aliyetoka mbali. Alipouona mzani umefunguliwa tumbo, uso wake ulibadilika rangi kama dagaa aliyenyeshewa. Mnunuzi alitazama mzani, akatazama gunia lake, akaelewa kabla ya wote.

Mwenye stoo alijitetea. Alisema anautumia kupimia dagaa jioni tu, kwa wanunuzi wa mbali, na wanunuzi wa mbali wana pesa. "Watoto si hawauzwi, Nesi? Nikaona kilo mbili tatu za nyongeza kwa mtoto ni furaha ya mama yake."

Elida hakupaza ile sauti yake, na hapo ndipo watu walipoogopa. "Hizo kilo ulizomwongezea ndizo zilizomnyima uji. Toa baiskeli yako. Wewe ndiye utakayempeleka."

Mwenye stoo alimpakia Merina na mtoto, akakanyaga. Anayesimulia anathibitisha kwamba alikanyaga mpaka cheni ikatoa moshi, na mbuzi wa njiani walipanda miti. Walifika hospitali, Shukrani akalazwa, akalishwa maziwa kwa kijiko, tone baada ya tone, usiku na mchana. Siku tatu hakuna aliyethubutu kuuliza. Siku ya nne Shukrani alimwona muuguzi mwenye sare, akalia kwa nguvu, na Elida alipopelekewa habari hiyo akaketi kwenye ngazi za zahanati na kulia naye.

Hizo siku tatu hakuwa amelala. Aliazima mzani mwingine, akaupima kwanza kwa maji, akapita Bangwe nyumba kwa nyumba. Alikuta watoto kumi na wanne chini ya mstari. Aliandika kosa lake kwa mganga kwa herufi kubwa, akadai magunia ya unga yarudi. Yakarudi, wote kumi na wanne wakapona. Mwenye stoo naye akaahidi mbele ya foleni kwamba kila Alhamisi, mpaka Shukrani atembee, ataleta debe la dagaa za kutwanga na kuchanganya na ule unga. Na alileta, bila kukosa hata Alhamisi moja, kwa mvua na kwa jua, akiimba.

Hapo ndipo habari ilipokuwa imeishia, na wiki iliyopita ilisomwa kwa sauti na anayeisimulia mwenyewe kwenye baraza la kahawa Ujiji. Wasikilizaji walikuwa bado wameshika vichwa. Bahati mbaya, Elida, mstaafu siku hizi, alikuwa amekuja mtaani kumsalimu mjukuu, na alisimama nyuma ya ukuta tangu pale penye neno mtanashati.

"Ulileta Alhamisi ngapi, Hamdani?"

Vikombe vikasimama hewani. Baraza zima lilimgeukia msomaji, maana wamekunywa naye kahawa miaka ishirini bila kujua stoo hiyo ilikuwa ya nani. Hamdani alijibu kwamba alileta zote. Akaulizwa tena, polepole. Akasema kama nane hivi. Elida akangoja.

"Tatu," akasema Hamdani. "Ya nne dagaa zilikuwa zimepanda bei."

Alhamisi hii watu wa Bangwe wamemwona mzee mmoja akipanda kuelekea zahanati na debe la dagaa kichwani, pumzi juu juu. Wauguzi vijana walimpa kinu na mchi. Kina mama wenye watoto wakamwuliza kulikoni, naye akaweka mchi chini na kuanza kwamba habari hii ni kweli tupu.

"Twanga kwanza," akasema Elida, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi kumsubiri.

Anatwanga.