Wodi Yapanda Kwenye Kikao

Kikao cha ushirika wa utafiti kilifanyika ghorofa ya tatu, saa nane mchana, wakati ambao wauguzi wa wodi ya wazazi hukabidhiana zamu na hakuna awezaye kubanduka. Chuo kiliipenda saa hiyo kwa sababu walimu wanakuwa wameshakula. Mratibu, mwanamke aliyeajiriwa kuunganisha chuo na hospitali, alikuwa ameomba ibadilishwe mpaka ulimi ukaota sugu. Profesa, mwenyekiti wa kikao, humjibu kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo. Basi viti vya wauguzi hukaa vitupu, na kila uamuzi husemwa kuwa wameuafiki.

Siku hiyo chuo kilitaka wazazi wahojiwe mara tu baada ya kujifungua, kabla hawajasahau uchungu. Asubuhi, mkunga mkuu alikuwa amemwambia mratibu huku akikunja shuka, "Mdogo wangu, hilo likipita, watafiti wako wasikanyage kwangu tena. Mtu hajalala, hajanyonyesha, unamuuliza maswali?" Alimaanisha, na bila wodi hakuna utafiti. Mratibu aliingia kikaoni na maneno hayo.

Profesa alipokuwa akifungua kikao, wodi ilikuwa inapanda ngazi. Ilipanda polepole kwa ajili ya waliopasuliwa, ikafika mlangoni, ikabisha hodi. Vitanda viliingia kimoja kimoja, mapazia yakafuata, kisha sinki, lililodondosha maji kidogo zuliani. Mkunga mkuu aliingia akiendelea kukabidhi zamu: huyu apimwe presha, yule asisimame peke yake. Mhasibu wa chuo alisogea kupisha kitanda. Profesa alisema karibuni, akauliza kama dirisha lifungwe, watoto wasipate baridi.

Hoja ikasomwa. Ili kuonyesha kwamba haina madhara, Profesa alimwinamia mzazi wa karibu, akamuuliza swali la kwanza.

"Nimejifungua sasa hivi, baba," alijibu bila kufumbua macho. "Niache nilale."

Profesa alishusha sauti, akaitisha kura. Wodi nzima iliinua mikono kupinga. Waliobeba watoto waliinua mmoja. Hoja ikaanguka chali. Wazazi watahojiwa wakishalala na kunyonyesha, tena wakipenda. Mratibu alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

"Nyamaza, utaniamshia watoto," mkunga mkuu alimwambia, akamkumbatia kwa nguvu. Wodi iliteremka kwa vigelegele, na sinki likapita korido nzima mabomba yote yakiwa wazi. Ushirika ulikuwa umepona, na jioni ile wazazi walilala fofofo.

Kule kikaoni, kabla watu hawajatawanyika, mratibu aliomba tena kikao kijacho kihamishiwe saa nyingine. Profesa alilifikiria kwa uungwana kabisa.

"Haina haja," alisema. "Si wodi imeshaijua njia? Saa nane ileile. Waambie tu waje na vikombe vyao vya chai, vyetu havitoshi."