Siku ya Thelathini na Mbili

Mvua ya mwezi wa Asar ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na Pabitra Chaudhary alikuwa hakaliki katika ofisi ya maonyo ya mafuriko. Mara dirishani, mara kwenye kompyuta. Kipimo cha mlimani kilionyesha mto unapanda kwa kasi, lakini onyo lililopaswa kufika kwenye simu za watu wa bondeni halikutoka. Na bondeni ndiko alikoishi baba yake.

"Seva inasema imejaa," alisema Ishwar, mkuu wake. "Imejaaje? Si una kile kiskripti chako cha kufagia?"

"Kinafagia kila usiku, kaka. Tangu majira ya baridi hakijakosa."

"Basi jana kimekwenda likizo!"

Kazi ya skripti ile ilikuwa ndogo tu. Programu ya maonyo huandika kila inachofanya kwenye faili la kumbukumbu. Usiku, skripti huliweka kando faili hilo kwa jina la tarehe, hufungua jipya, na kufuta yaliyochakaa. Leo faili lilikuwa lile la jana, limevimba kwa taarifa za vipimo vyote vilivyopiga kelele kwenye mvua.

Pabitra aliisoma skripti mstari kwa mstari, haoni kosa. Ndipo simu ya baba ya asubuhi ilipomrudia akilini. "Mwanangu, leo tarehe thelathini na mbili! Mwaka huu umezaliwa, usikose wali wa maziwa." Miaka ambayo Asar huishia thelathini na moja, baba humtania kwamba hana siku ya kuzaliwa. Naye alikuwa amemjibu kwa mkato kwamba ana kazi.

Akarudi kwenye mstari wa tahadhari ndani ya skripti. Kikulacho ki nguoni mwako. Ofisi ilitaka tarehe za kalenda ya nyumbani, lakini tahadhari hiyo aliinakili kutoka vitabu vya kigeni: siku ikizidi thelathini na moja, tarehe ni mbovu, usiguse kitu. Yeye, aliyezaliwa siku hiyo hiyo!

"Lifute hilo faili!" Ishwar alifoka.

"Nikilifuta, programu bado imelishikilia, nafasi hairudi. Namwaga yaliyomo tu."

Akayamwaga. Maonyo yakaanza kutoka, kijiji baada ya kijiji. Akampigia baba. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, huku akizunguka meza.

"Tuko juu ya paa la shule, wote," baba alisema hatimaye, akihema. "Ujumbe wenu uliingia maji yakiwa mlangoni. Nyati wetu wa maziwa hatukuwahi kumfungua kamba."

"Baba, ni mimi nili..."

"Najua ni wewe, nani mwingine? Nimewaambia wote hapa, binti yangu ndiye aliyetuokoa. Mungu akuzidishie umri, mama. Wali wa maziwa umekula?"

Pabitra aliona aibu. Akaketi, akalia mbele ya Ishwar bila kujificha.

"Bado, Baba," alisema.